Bia ya krafti kiwanda kikinunuliwa na kampuni kubwa: uweke ipi kwenye baa yako Mombasa?

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akachonga karara kijipande chembamba, akashusha kibuyu. Tembo la alfajiri ni tamu, la jana limeshakuwa kali, la juzi lanukia siki. Halina lebo wala tarehe, lakini mnywaji wa Mtwapa au Kilifi ajua mambo matatu kabla ya kumeza: limetoka mnazi wa nani, limeshushwa lini, na nani wa kulimwaga likiwa bovu.

Mambo hayo matatu ndiyo yanayofifia kwanza kiwanda kidogo cha bia kinaponunuliwa na kampuni kubwa. Lebo hubaki ileile, rangi ileile, hata maneno ya waanzilishi nyuma ya chupa hayaguswi. Mwenye baa Nyali, Bamburi au Diani anayetaka kuongeza bia tatu nne za krafti kwenye friji huletewa orodha iliyochanganya viwanda huru na viwanda vilivyouzwa, bila alama ya kuvitenganisha.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Bia ya kiwanda kilichonunuliwa yaweza kubaki nzuri miaka mingi, lakini ya krafti si tena. Krafti ni mamlaka ya fundi kumwaga tangi zima lisilomridhisha bila kumwomba mtu ruhusa, na mamlaka hayo huhama siku mkataba unapotiwa saini. Ila kwa baa ya Mombasa, "ni ya krafti?" na "ni nzuri leo, hapa, kwenye joto hili?" ni maswali mawili, na yapo mazingira ambapo bia ya kiwanda kilichouzwa hushinda kwenye la pili.

Nani huhesabiwa huru

Marekani, ambako mauzo ya namna hii yamekuwa mengi, chama cha watengenezaji kiitwacho Brewers Association hutazama mambo mawili makuu: kiwanda kisizidishe mapipa milioni 6 kwa mwaka (pipa lao ni kama lita 117), na kampuni ya pombe isiyo ya krafti isimiliki asilimia 25 au zaidi ya hisa zake. Kipimo cha mapipa ni kipana mno. Lita milioni 700 si kazi ya uani. Chenye meno ni kile cha hisa. Tangu 2017 chama hicho kina muhuri wa chupa iliyopinduliwa ambao viwanda huru huruhusiwa kuuweka kwenye lebo. Ukiuona, habari ya umiliki imekwisha. Usipouona, usihukumu bado, kwa maana wapo walio huru ambao hawajauweka, na viwanda vya Uingereza, Ubelgiji au vya kwetu havihusiki nao.

Hapa Kenya tofauti imeingia kwenye kodi. Marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024 yalipima ushuru wa bia kwa kileo kilichomo: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi, na shilingi 10 tu kwa mtengenezaji mdogo aliye huru mwenye leseni. Chupa ya nusu lita yenye kileo asilimia 5 ina sentilita 2.5 za kileo. Kwa kiwango cha kawaida ushuru wake ni shilingi 56.25, kwa mdogo aliye huru ni shilingi 25. Shilingi 31.25 kwa chupa moja si haba. Mdogo huyo akinunuliwa, uhuru umekwisha na nafuu imekwenda nao, hata kama wapishi, matangi na mapishi hayakuguswa. Kwa hiyo ukiambiwa bei imepanda baada ya mauzo, piga hesabu hii kwanza kabla ya kumlaumu mnunuzi kwa tamaa.

Lipo kundi la tatu ambalo wauzaji hulichanganya na haya mawili: bia yenye sura ya krafti ambayo haikuwahi kuwa huru hata siku moja. Blue Moon, kwa mfano, ilizaliwa ndani ya Coors, kampuni kubwa ya bia ya Marekani, mwaka 1995. Si bia mbaya, wala haikuuzwa na mtu. Iweke kwenye orodha ya bia za kampuni kubwa na uipe bei ya huko.

Mapishi hubaki, mahali huhama

Watu hungoja mapishi yabadilike. Mara nyingi mapishi hayaguswi. Kinachoguswa ni mahali pa kupikia.

Goose Island ilianza Chicago mwaka 1988. Anheuser-Busch, kampuni kubwa ya bia, iliinunua 2011 kwa dola milioni 38.8. Mojawapo ya bia zake inaitwa 312, kwa ajili ya namba za mwanzo za simu za katikati ya Chicago. Muda si mrefu bia hiyo ilikuwa ikipikwa Baldwinsville, jimbo la New York, ambako simu hazianzi na 312. Jina la mji likabaki, mji wenyewe ukawa umetoka kwenye chupa.

Dark Star ya Uingereza ina safari ndefu zaidi. Fuller's ya London iliinunua 2018. Mwaka uliofuata Fuller's yenyewe ikauza kazi yake yote ya bia kwa Asahi ya Japani. Mwisho wa 2022 kiwanda cha Dark Star huko Sussex kikafungwa, bia zake zikahamishiwa kiwanda cha Meantime, Greenwich, ambacho nacho kilikuwa cha Asahi. Mwaka 2024 Greenwich pia ikafungwa, kazi ikapelekwa Chiswick kwenye kiwanda cha zamani cha Fuller's. Mnywaji hakusaini lolote, hakuulizwa lolote, na bia aliyoizoea imebadilisha nyumba mara mbili ndani ya miaka miwili.

Mahali hubadilisha bia kwa sababu zinazopimika. Hamira huchachua katika tangi, na tangi refu la kiwanda kikubwa, lenye kina cha mita 15 au 20, huikandamiza kwa uzito wa bia iliyo juu yake. Kila mita 10 huongeza shinikizo la karibu bar moja, na gesi ya kaboni huongezeka kuyeyuka humo. Chini ya shinikizo hilo hamira hutoa manukato kidogo zaidi. Kwa laga ya kawaida hilo halina shida, pengine ni faida. Kwa bia ya ngano ambayo raha yake yote ni ile harufu ya ndizi mbivu na karafuu, ndizi hunyamaza. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, nazo hutoa uchungu zaidi katika sufuria kubwa inayochemka kwa nguvu, kwa hiyo gramu zilezile kwa lita hazitoi uchungu uleule. Maji ya mji mpya yana chumvi zake. Mpishi hodari huyarekebisha yote haya, lakini humbidi apike mara nyingi, na bia ya majaribio hayo huuzwa.

Hoegaarden, bia ya ngano ya Ubelgiji iliyofufuliwa na Pierre Celis miaka ya 1960, ni ushahidi mzuri. Mwaka 2005 mmiliki wake, kampuni kubwa ya InBev, ilitangaza kwamba itakifunga kiwanda cha mji wa Hoegaarden na kuihamishia kazi Jupille. Wenyeji waliandamana, na 2007 kampuni ikabatilisha uamuzi. Kampuni yenye viwanda nchi nyingi ilirudi kwenye mji mdogo wenye jina la bia. Swali la kwanza kwa msambazaji basi liwe "inapikwa wapi sasa?" kabla hujafika kwa "nani mmiliki?"

Kuhusu kutia maji

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hutajwa kila bia inapouzwa, na wengi huilenga kampuni kubwa. Tuisome vizuri: anayetia maji ni mgema mwenyewe, aliye huru, mwenye mnazi wake, akishasifiwa. Uhuru haukumzuia. Kiwanda kidogo chenye foleni ya wateja nacho hukatisha siku za kukomaza, hupunguza hopsi zilizopanda bei, huuza tangi lenye harufu ya siagi kwa sababu tangi jingine halipo.

Lakini viwanda vikubwa kweli hutia maji, na afadhali kuelewa namna. Hupika bia nzito, tuseme ya nyuzi 16 za Plato (kipimo cha sukari kabla ya kuchachuka), kisha baada ya kuchachuka huiongeza maji hadi ifike nguvu ya kuuzwa. Ukishusha kutoka 16 hadi 11.5, kila lita 100 huongezwa maji lita 35 hadi 40. Si wizi. Maji hayo huondolewa hewa hadi oksijeni ibaki kidogo sana, na kileo kwenye lebo ndicho kilichomo. Faida yake ni kwamba tangi moja hutoa bia ya tangi moja na theluthi. Hasara yake ni kwamba hamira iliyofanya kazi kwenye sukari nzito hutoa harufu ya matunda na spiriti kupita kawaida, povu hupungua uimara, na bia ikishachanganywa huonja wembamba ambao mnywaji wa muda mrefu huutambua bila kuujua jina. Kiwanda kidogo mara nyingi hakina mtambo wa kuondoa hewa kwenye maji, kwa hiyo hupika kwa nguvu ileile kitakayouzia. Msambazaji hatakuambia lolote juu ya hili, lakini povu huzungumza: mimina kwenye glasi safi isiyo na mafuta, ukitazama kama baada ya dakika tatu bado ipo pete ya povu ukutani.

Pale mkubwa anaposhinda

Mwaka 2015 chupa za Bourbon County, bia nyeusi ya Goose Island inayokomazwa kwenye mapipa ya wiski, zilianza kuwa chachu. Bakteria wa jamii ya Lactobacillus walikuwa wamepita. Bia ilirudishwa, wateja wakarejeshewa pesa, na kuanzia 2016 bia hiyo ikawa inapashwa moto haraka kabla ya kutiwa kwenye chupa ili kuua vijidudu. Hasara kama hiyo ingeweza kukiua kiwanda kidogo. Mwenye mali alikuwa na maabara ya kumtafuta mdudu na mfuko wa kulipia. Wapenzi wa bia waliobishana kwamba kupasha moto ni kuiua bia walikuwa na hoja kuhusu hopsi mbichi, si kuhusu bia nyeusi yenye kileo zaidi ya asilimia 12.

Kupasha moto hupimwa kwa vizio: dakika moja kwa nyuzi 60 ni kizio kimoja. Laga za viwandani hupewa vizio 15 hadi 30. Njia ya haraka hupitisha bia kwenye nyuzi 72 hivi kwa sekunde 15 hadi 30. Kwa bia ya hopsi nyingi, huko ndiko harufu ya embe na machungwa hupungua. Kwa bia itakayokaa godauni Shimanzi wiki tatu, huko ndiko kupona kwake.

Jambo la pili ni oksijeni. Mashine kubwa ya kujaza chupa huacha oksijeni chini ya sehemu 50 kwa bilioni. Mashine ndogo ya mkebe, isiyotunzwa vizuri, huacha mara kadhaa ya hapo. Kwa nyuzi 4 mnywaji asingejua kwa muda. Mombasa atajua. Watengenezaji wana kanuni ya kukadiria iitwayo ya 3-30-300: siku 3 kwa nyuzi 32, siku 30 kwa nyuzi 22, na siku 300 kwa nyuzi 3 huzeesha bia kwa kadiri moja. Wakati wa kaskazi, nyuzi 32 ndiyo adhuhuri yetu ya kawaida. Siku tatu za kreti kuachwa nyuma ya jikoni zimekula miezi kumi ya friji. Kisha bia huonja boksi lililolowa, na utamu wa asali uliolala.

Kwa hiyo kama huna chumba baridi, au umeme ukikatika jenereta yako huwasha taa na muziki tu, usiweke bia huru isiyopashwa moto. Si haki kwa fundi aliyeipika. Chukua ile iliyonunuliwa na kampuni kubwa, uiuze kwa jina lake, bila kuandika "krafti" kwenye menyu.

Safari ya kufika hapa

Bia huru ya Nairobi husafiri kama kilomita 480. Ikipakiwa jioni na kushushwa asubuhi Nyali au Mtwapa, imekwepa jua la Tsavo. Ikipakiwa mchana pamoja na mizigo mingine na lori likalala Mariakani, umenunua bia ya mwezi uliopita. Kubaliana saa ya kupakia kwa maandishi, na chomeka kipimajoto cha jikoni kati ya chupa mbili za kreti ya katikati siku ya kupokea. Zaidi ya nyuzi 15 kwa bia isiyopashwa moto, irudishe. Muuzaji mkweli huelewa.

Bia ya nje huja kwa kontena kupitia Kilindini, na hapa ukubwa wa kampuni husaidia tena. Mwenye kununua kontena zima la baridi huleta bia iliyolala nyuzi 4 tangu kiwandani. Mwagizaji mdogo wa bia huru huchanganya mzigo kwenye kontena kavu, na kontena kavu likisimama juani kwenye sitaha au yadi ya bandari hupata joto kupita hewa ya nje. Bia ya hopsi iliyo huru, ya kupendeza kabisa Oregon au Bristol, hufika hapa ikiwa imechoka. Twasema hivi kwa uchungu, maana ndiyo ambayo moyo ungetaka kuichagua.

Tarehe hudanganya kwa njia tatu. Ya kwanza ni mpangilio: Marekani huandika mwezi kabla ya siku, kwa hiyo 04/11 ni Aprili 11, si Novemba 4. Ya pili ni maana: wengine huandika siku ya kujazwa, wengine siku ya mwisho, na mwisho huo huwa miezi 9 au 12 tangu kujazwa, kwa hiyo bia "inayoisha" Juni yaweza kuwa na miezi minane tayari. Ya tatu ni msimbo: 24305 humaanisha siku ya 305 ya mwaka 2024, yaani Oktoba 31. Bia ya hopsi nyingi ikipita miezi minne tangu kujazwa, omba punguzo au iache. Bia nyeusi nzito haidhuriki upesi hivyo.

Angalia pia maneno madogo chini ya lebo. "Imepikwa na" fulani mahali fulani ni kauli kamili. "Imepikwa kwa ajili ya" humaanisha jina ni la mmoja na sufuria ni ya mwingine. "Kwa leseni ya" humaanisha mapishi yamekodishwa. Lebo yenye anwani ya ofisi tu, bila mji wa kiwanda, imeamua kukunyima jibu la swali lako la kwanza. Na chupa iwe ya kahawia au mkebe. Ya kijani na isiyo na rangi, ikikaa kwenye meza ya barazani iliyopigwa na jua, hunuka kicheche ndani ya dakika chache, awe mmiliki nani.

Friji ya bure na masharti yake

Kampuni kubwa hukupa friji, miavuli, glasi na hata mabomba ya kumiminia. Soma karatasi kabla ya kushukuru. Sharti la kawaida ni kwamba friji hiyo isiwekwe bia ya mwingine, na pengine kwamba bomba la katikati liwe lao. Ukiwa na friji moja tu, umeshachagua bia zako zote siku ya kuipokea. Omba ibaki rafu moja huru, na iandikwe. Kiwanda huru hakikupi friji. Hutaka pesa mapema, amana ya kila kegi (pipa la chuma la bia ya bomba), na Desemba hoteli za Diani zikijaa huenda kikakuambia hakina mzigo. Agiza wiki nne kabla.

Kegi ya lita 30 hutoa glasi 60 za nusu lita kwenye karatasi. Toa povu na kumwagika, hesabu 55. Kegi isiyopashwa moto, ikiwa baridini muda wote, ina siku 45 hadi 60 tangu kujazwa. Iliyopashwa moto ina siku 90 hadi 120. Ukishaifungua, jiwekee wiki mbili. Glasi 55 kwa siku 14 ni nne kwa siku. Baa isiyoweza kuuza glasi nne za bia moja kwa siku wakati wa masika, wageni wakiwa wachache, ichukue chupa. Aliyeacha kegi huru wiki tano kisha akasema krafti haina soko Mombasa hakulijaribu soko.

Mabomba yaoshwe kila siku 14 kwa dawa ya sodiamu haidroksaidi ya asilimia 2, izungushwe dakika 15, kisha maji safi hadi kipimo kionyeshe dawa imekwisha. Kampuni kubwa hutuma mtu wake kufanya kazi hiyo, jambo la kuwasifu. Kwa kegi huru kazi ni yako.

Anayeuzwa mara moja huuzwa tena

Hili halitazamwi vya kutosha na wanaochagua bia. Kiwanda huru hutishwa na madeni. Kiwanda kilichonunuliwa hutishwa na ripoti ya robo mwaka ya mtu aliye mbali. Ballast Point ya San Diego ilinunuliwa na kampuni kubwa ya vinywaji, Constellation Brands, 2015 kwa dola bilioni 1. Miaka minne baadaye ikauzwa kwa Kings & Convicts, kiwanda kidogo ambacho wengi hawakuwa wamekisikia. Mwaka 2023 Anheuser-Busch ikakubali kuiuzia Tilray, kampuni inayojulikana zaidi kwa bangi, majina manane kwa mpigo, yakiwemo Breckenridge, Blue Point na 10 Barrel ambayo ilikuwa imeyanunua chini ya miaka kumi nyuma.

Anchor ya San Francisco ndiyo inayouma. Ilianza 1896. Fritz Maytag aliiokoa 1965 ilipokuwa karibu kufa, akaifanya mfano ambao viwanda vidogo vya Marekani vilijifunza kwake. Sapporo ya Japani iliinunua 2017. Julai 2023 ikatangazwa kufungwa. Ilipita tetemeko na moto wa 1906 na marufuku ya pombe ya nchi nzima, ikaishia miaka sita baada ya kununuliwa. Mwaka 2024 ilipata mnunuzi mwingine, Hamdi Ulukaya, mtu wa mtindi wa Chobani. Soko lilikuwa gumu na janga la korona lilikuwa limeiumiza, hilo ni kweli. Ila mwenye nyumba moja hung'ang'ana namna ambayo mwenye nyumba hamsini hawezi kung'ang'ana kwa moja.

Maana yake kwa baa: usichape menyu ya plastiki yenye jina la bia iliyonunuliwa ukitaraji ikae miaka mitano. Tumia ubao na chaki.

Uchaguzi wenyewe

Hoteli ya ufukweni yenye vyumba mia, wageni wa wiki moja, chumba baridi kizuri: weka bomba moja la kiwanda huru cha Kenya na friji ya bia za kampuni kubwa. Mgeni hakusafiri saa nane kunywa bia aipatayo dukani kwao, na kegi itakwisha kwa siku chache.

Mkahawa wa Nyali wenye wenyeji wanaorudi kila Ijumaa: huru mbili za chupa, zilizopikwa nchini, ukijua jina la mpishi na namba yake ya simu. Hapa krafti ina maana kamili, kwa sababu chupa ikiwa mbovu unampigia aliyeipika, naye ana uwezo wa kukubadilishia bila kuandika barua kwa mtu.

Baa ya barabarani Mtwapa au Bombolulu, joto, umeme wa mashaka, wateja wanaohesabu shilingi: bia iliyopashwa moto, ya kampuni kubwa, ikiwemo iliyonunuliwa ukipenda. Ziada ya bei ya krafti haitakurudia.

Duka la vinywaji linalouza bia za nje: nyeusi nzito na za Ubelgiji ziwe za kiwanda huru, zinavumilia safari. Za hopsi nyingi, nunua ile yenye tarehe changa kuliko zote na iliyokuja kwa baridi, hata kama mmiliki ni mkubwa. Mwandikie mteja umiliki kwenye kadi ya bei, anastahili kujua.

Ukibaki na mbili huwezi kuamua, ya huru na iliyonunuliwa, au ukitaka kujua kama bia imebadilika tangu kiwanda kihame, usitegemee ulimi wa mtu mmoja. Alika watu 12. Kila mmoja apewe vikombe vitatu vya mililita 50, viwili vya bia moja na kimoja cha nyingine, visivyo na alama ila namba, vyote kwa nyuzi 8 hivi. Baridi kali huficha kasoro. Mipangilio iko sita (AAB, ABA, BAA, BBA, BAB, ABB), kila mpangilio upewe watu wawili. Utahitaji chupa tatu za mililita 330 za kila bia. Muulize kila mtu jambo moja tu: kipi ni tofauti? Wakipatia wanane au zaidi, tofauti ipo kweli. Wakipatia saba, huna ushahidi. Wasiulizwe kipi kitamu hadi wamalize kujibu la kwanza, na wasioneshwe chupa. Kila mzigo mpya ukifika, weka chupa tatu nyuma ya friji kwa nyuzi 3, uziandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito, ili mzigo ujao uwe na wa kupimwa naye.